Wadudu: Kipi Kiingie Sahanini, Kipi Kiende Bandani



Kina mama wenzetu, bila shaka mmesikia mara nyingi siku hizi kwamba wadudu ni chakula. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa watu bilioni 2 duniani hula wadudu. Hapa nchini, kumbikumbi wameliwa Magharibi na Nyanza tangu enzi za mababu, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo kimejishughulisha na ufugaji wa nyenje kwa chakula. Nyama ni ghali, samaki naye hanunuliki kila siku, na watoto wanahitaji chakula cha kujenga mwili. Je, nyumba ya Kiislamu ya Pwani ina fungu gani katika jambo hili?

Tuanze na hukumu. Nzige ni halali. Sahaba Abdullah bin Abi Awfa (r.a.) amepokea kwamba walitoka vitani pamoja na Mtume (s.a.w.) mara sita au saba wakila nzige, na habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Tena nzige, mfano wa samaki, hahitaji kuchinjwa. Lakini ruhusa hiyo si ya kila kirukacho na kitambaacho. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Pwani tunayafuata, wadudu wengine kwa jumla hawaliwi. Wanachuoni wa Maliki wamewaruhusu kwa masharti. Kwa hiyo unga wa nyenje, hata ukisifiwa vipi, usiingie jikoni kabla ya kumuuliza sheikh wako.

Nzige naye ana tahadhari zake. Walipovamia nchi yetu mwishoni mwa 2019 na kuendelea 2020, walipuliziwa dawa, na nzige aliyeguswa na sumu haliki ingawa asili yake ni halali. Tumeamrishwa kula kilicho halali na kilicho kizuri, yote mawili. Aliyepata nzige safi huwatia katika maji yanayochemka, akawaondoa kichwa pamoja na utumbo, mabawa na miguu, kwa kuwa miiba ya miguu huweza kukwama tumboni. Kisha huwakaanga kwa chumvi na ndimu. Mwenye kudhurika kwa kula kamba au kaa asiwaonje, kwani huenda wakamdhuru vivyo hivyo.

Hata hivyo nzige haji kwa miadi, wala hawezi kutegemewa kwa mlo wa kila wiki. Faida kubwa zaidi kwetu imo katika banda la kuku. Kuku wa kienyeji hushinda akiparura jaa kutafuta wadudu. Hicho ni chakula chake cha asili, na nyama na mayai yake ni halali kwetu. Mfugaji anajua kwamba gharama kubwa ni chakula cha kuku, ambacho protini yake hutoka katika soya na dagaa, na dagaa hao hao wangefaa kupikiwa watoto.

Mdudu anayefaa hapa ni funza wa nzi aitwaye askari mweusi, ambaye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimemshughulikia sana. Si yule nzi atusumbuaye mezani. Umbo lake ni kama la nyigu, haumi, na akikomaa huishi siku chache tu bila kuvizia vyakula vyetu. Funza wake akikaushwa, kiasi cha asilimia 40 ya uzito wake ni protini.

Kazi yenyewe haihitaji shamba. Chukua beseni au ndoo, uiweke kivulini pasipofikwa na mvua wala siafu. Tia maganda ya ndizi, embe na papai, mabaki ya wali na mboga. Chakula hicho kiwe na unyevu lakini kisivuje maji. Ukikiminya mkononi, yatoke matone machache tu. Nyama na vichwa vya samaki viache, maana huleta uvundo na kuwaudhi majirani. Funza wadogo hununuliwa kwa wafugaji, na kwa muda wa wiki mbili hivi huwa tayari. Watie katika maji ya moto, waanike juani, kisha wachanganye na chakula cha kuku. Wawe nyongeza, wasiwe chakula chote. Mabaki ya beseni ni mbolea njema ya mchicha na kunde.

Jambo moja tulisisitize: funza wasilishwe kinyesi wala taka za chooni. Sheria yetu inamjua mnyama alaye najisi, aitwaye jallala, na kuku wa namna hiyo huzuiliwa na kulishwa vilivyo safi kwa siku kadhaa kabla ya kuchinjwa. Anayewalea funza wake kwa maganda ya jikoni ameepukana na shaka hiyo tangu mwanzo.

Maganda tunayoyatupa kila asubuhi yaweza kurudi nyumbani yakiwa mayai. Israfu imepungua, watoto wameshiba, na halali yetu imehifadhika.

Wabillahi tawfiq.