Magonjwa Mawili ya Muhogo

Mkulima akiona majani ya muhogo wake yamejikunja na kuingia madoa ya manjano, hujua mara moja kwamba shamba limepatwa na batobato. Ugonjwa huo haujifichi. Lakini uko mwingine, michirizi ya kahawia, ambao ni mjanja zaidi: jani hubaki na umbo lake, likawa na manjano kando ya mishipa tu, na shina husimama kana kwamba hakuna neno. Siku ya kung'oa, mwenye shamba aliyekwisha kuhesabu magunia yake hukata kiazi akakuta ndani kumekauka na kuoza, rangi ya kahawia. Kazi ya mwaka mzima imepotea, na watoto wangoja chakula.

Bwana H. H. Storey wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, aliueleza ugonjwa huu wa pili mwaka 1936. Yote mawili huenezwa na inzi weupe wadogo, na pia na mkulima mwenyewe anapompa jirani vipando vilivyougua, tena kwa wema.

Kutambua aina za virusi vyenyewe si kazi ya macho. Batobato kali ilipofagia mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, majani yalipimwa katika maabara, na mwaka 1997 ikatangazwa kwamba virusi vya aina mbili vilikuwa vimechanganyika vikazaa aina mpya. Hata michirizi, iliyodhaniwa kuwa na kirusi kimoja, imeonekana kuwa na viwili.

Asiye na maabara na akate kwanza viazi vya shina analotaka kutoa vipando; akiona doa la kahawia, shina hilo lichomwe.