Jubilei ya Kondoa na Watu Waliobaki

Kila tarehe 3 Juni mahubiri yetu huelekea Namugongo, Uganda. Tunasimuliwa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda waliochomwa mwaka 1886, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja, na hesabu ya mashahidi 45 wa miaka ile hata watoto wa Sunday School wanaijua. Ni haki ya mashahidi hao. Lakini Dayosisi ya Kianglikana ya Kondoa inapotimiza miaka 25 tangu ilipomegwa kutoka Dayosisi ya Central Tanganyika yenye makao Dodoma mwaka 2001, sisi tunauliza habari za karibu zaidi: hapa wilayani Chemba, kati ya Farkwa na Goima, nani aliumia kwa ajili ya imani, na jina lake limeandikwa wapi?

Kanda hii ya kati haijakosa watu wa namna hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwakamata walimu Waafrika wa CMS, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliokuwa wakifundisha Ugogo na Ukaguru. Kosa lao lilikuwa kufundishwa na Waingereza. Basi wakahesabiwa majasusi. Wakachapwa viboko, wakapelekwa Tabora, wakakaa kifungoni hadi Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Waliorudi hawakupokewa kwa karamu. Muda si mrefu ikaingia Mtunya, ile njaa ambayo wazee wa Kigogo huitaja mpaka leo kwa sauti ya chini, baada ya majeshi ya pande zote kukomba nafaka na ng'ombe. Walimu wakashika tena ubao na chaki. Mwaka 1921 Andereya Mwaka na Haruni Mbega wakawekewa mikono kuwa wachungaji. Jina la Mwaka leo lipo kwenye shule mjini Dodoma. Ya wenzake wengi hayapo popote.

Chemba yetu haina hadithi ya moto, na hatutaibuni ili sherehe inoge. Majirani zetu wengi ni Waislamu. Tunazikana, tunaalikana Idi na Krismasi, na mhubiri anayewaita watesi anatafuta makofi tu. Tuache pia mazoea ya kuuita ukame msalaba. Mvua ikikatika Februari, mtama wa mwamini na wa asiyeamini hunyauka siku moja. Msalaba ni ule mzigo ambao mtu angeweza kuutua kwa kuondoka, naye hakuondoka.

Hapo ndipo anapoingia katekista. Anaishi kwa shamba lake la uwele na ufuta. Kanisa humpa kidogo, na miaka mingine halimpi kitu. Jumapili anasukuma baiskeli kwenye mchanga kwenda mtaa wenye waumini tisa, wawili kati yao watoto. Upande wa Kwamtoro anahubiri Kiswahili huku bibi mmoja wa Kisandawe akiwanong'oneza wenzake kwa lugha yao, na mahubiri ya bibi mara nyingi ndiyo marefu zaidi. Anazika, anapatanisha wanandoa, anaandika barua za wasiojua kuandika. Mkewe anapika chakula cha wageni wa kanisa kutoka ghala la watoto wake. Huyo hata kwenye risala hatajwi. Tangu lami ya Dodoma–Babati ilipokamilika kuondoka ni rahisi: unasimama barabarani, basi linakuchukua. Wengi wa rika la katekista wameshapanda.

Tunaipongeza dayosisi, chini ya Askofu Yohana Mkavu na baadaye Askofu Given Gaula, kwa kutowaacha makatekista hawa waliobaki wakidhani wamesahauliwa na Dodoma. Kuwa na askofu anayefikika kabla jua halijazama si jambo dogo kwa mtu wa Mpendo.

Ila kofia na vitenge vya jubilei vitachakaa. Tunaomba daftari moja: majina ya makatekista wote wa Chemba na Kondoa, walio hai na waliokufa, wake zao, na mitaa waliyoitunza. Wazee wanaoyakumbuka wanapungua kila masika. Kiangazi hiki njia za Sanzawa na Ovada zinapitika.