Boti Tatu Juu ya Meza

Juma hili tunawaletea mchezo wa jioni, wakati baba au mama yu nyumbani baada ya zamu. Ni mchezo wa vita vya majini, unaochezwa mezani kwa boti ndogo za kuchonga. Wengi wanaouanza hutamani manowari nyingi na sheria nyingi, wakachoka kabla ya pambano la kwanza. Afadhali kuanza na boti tatu, na historia ya Afrika ya Mashariki inatupatia hizo tatu.

Mwaka 1915 Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao. Waingereza wakaleta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli, na kupitia mapori ya Kongo kwa matrekta ya mvuke, maksai na jasho la vibarua wa Kiafrika. Majina hayo ni ya kitoto ya paka na mbwa kwa Kifaransa. Tarehe 26 Desemba 1915, karibu na mji uitwao leo Kalemie, ziliikabili Kingani ya Wajerumani. Boti za Waingereza zilikuwa za mbao, lakini zenye mbio. Kingani ilikwenda polepole, na mzinga wake ulipiga mbele tu. Waingereza wakaifuata kwa nyuma. Pambano halikufika robo saa: nahodha wa Kingani aliuawa, na boti ikatekwa.

Sasa tuingie kazini. Chonga boti tatu za sentimita 4 kutoka soli ya kandambili kuukuu. Njiti ya kiberiti iwe mlingoti. Tafuta rula, dadu moja na maharagwe 15. Kila boti ipakie maharagwe 5, nayo ndiyo mabaharia.

Kingani huanza katikati ya meza, na hushinda ikifika ukingo wa mashariki, njia ya Kigoma. Mimi na Toutou huanza ukingo wa magharibi. Wachezaji wawili hupokezana. Kila zamu Kingani huenda hadi sentimita 6, na boti za mbao hadi 12. Geuza boti kwanza, kisha isogeze, kisha piga. Masafa ya mzinga ni sentimita 20, na Kingani hupiga kilicho mbele ya omo yake tu. Dadu ikionyesha 5 au 6, umelenga: Kingani hupoteza haragwe moja, boti ya mbao mawili. Iliyobakiwa na haragwe moja au pungufu imeshindwa.

Hapo mchezaji wa Kingani atapata fundisho: akikimbia, hawezi kujibu, akigeuka kujibu, hafiki nyumbani. Ndiyo mashaka ya kila kamanda.

Lipo neno moja zaidi. Hapa Juba watoto wetu hawakuijua vita kwa hadithi tu. Nyumba nyingi zinaikumbuka Desemba 2013 na Julai 2016. Kwa hiyo, haragwe lililotoka lisirudishwe chunguni kimyakimya. Liwekwe kando, na mwisho wa mchezo mshindi ndiye ayahesabu yote kwa sauti, ya kwake na ya mwenziwe. Mtoto na ajue kwamba hata ushindi una hesabu yake. Mwenye kuvaa sare hahitaji kuelezwa hayo, lakini yafaa mwanawe ayasikie kutoka kinywani mwake.

Na kabla ya kulala, wasimulieni habari ya Graf von Götzen, meli kubwa ya Wajerumani ziwani humo. Wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo yao. Boti zenu nazo, vita ikiisha, ziacheni zibebe abiria.