Neno Ambalo Kifaa Hakilioni

Mtoto wa darasa la tatu huko Kibosho au Marangu, asomapo hadithi katika kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, akaligusa neno "walipomfundisha" ili aelezwe maana yake, aghalabu hujibiwa kwamba neno hilo halimo katika kamusi. Limo. Limeorodheshwa chini ya "fundisha", kama ilivyo desturi ya makamusi yetu. Kifaa ndicho kisichojua kuvua viambishi vya mwanzo.

Hapo kwanza tulidhani dawa ni kuiunda upya programu nzima. KOReader, itumikayo katika Kindle, Kobo na vishikwambi vya Android, ni programu huria. Yeyote aweza kuchukua msimbo wake na kuubadili. Lakini kuiunda si kazi ndogo. Sehemu yake iliyoandikwa kwa lugha ya C hutafsiriwa katika kompyuta moja kwa ajili ya prosesa ya aina nyingine, tena mtambo wa kuundia huagiza vipande vingi kwa intaneti. Wakati wa masika, umeme na mtandao vikatikapo, kazi hukwama njiani. Yetu ilikwama mara tatu.

Ndipo tulipotambua kuwa tulikuwa tukibisha mlango usio wetu. Kamusi za KOReader ni faili za kawaida katika muundo uitwao StarDict. Huwekwa ndani ya folda yake, basi, wala hapaundwi kitu. Muundo huo huruhusu pia orodha ya maneno mbadala, kila moja likielekezwa kwenye kidahizo chake. "Walipomfundisha" laweza kuelekezwa kwa "fundisha".

Tatizo ni wingi. Nafsi sita za mtenda, nyakati nne na nafsi sita za mtendwa huzaa maumbo 144 ya kitenzi kimoja, ukijumlisha hata yale yasiyosemwa, kama "ninanifundisha"; na hapo hatujagusa ngeli, ukanushi wala kauli ya kutendwa. Hatuoni sababu ya kuyaorodhesha yote. Yatosha kuorodhesha yale yaliyomo katika vitabu ambavyo darasa litasoma muhula huu.

Na kazi hiyo, kwa maoni yetu, ni ya mwalimu. Wapo wenzetu wanaosema tungoje wataalamu. Twawakumbusha jaribio la Tanga, lililomalizika mwaka 2019, ambamo watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170 walijifunza kwa vishikwambi: programu zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, ziliachwa wazi ili wengine waziendeleze. Fundi aweza kutoa faili. Kulipasua neno la Kiswahili kwa namna mtoto atakavyoelewa ni somo tunalofundishwa sisi vyuoni.

Hofu moja twaikubali. Mtoto apewaye maana papo hapo huenda asijifunze kulichambua neno. Kwa hiyo twapendelea kidahizo kianze kwa kuonyesha wa-li-po-m-fundisha, maana ifuate chini yake. Kama maelezo yaandikwe pia kwa Kichaga, na kama ni hivyo, kiwe cha Rombo au cha Machame, bado hatujakubaliana wenyewe kwa wenyewe.