Mkono wa mpiga gitare ni mkono wa mfanyakazi

Sisi wa sendika ya mine tunajua mambo ya mikono. Mwenye kushika mashini ya kutoboa mawe miaka mingi, vidole vyake vinakufa ganzi, na kwa baridi vinakuwa vyeupe. Ile tunaiita ugonjwa wa kazi, na tunaidai kwa mwajiri. Lakini kuna mikono mingine tuliyoisahau.

Siku ya posho hapa Lubumbashi, mpiga gitare anaanza wakati mama wanafunga soko, anamaliza jogoo wakiwika. Analipwa chupa mbili na franga za taksi. Siku ya Mungu anapiga tena kwa kanisa.

Mwenzetu mmoja alikuwa hivi: mchana mine, usiku orkesta. Akaanza kuamka usiku, kidole gumba na viwili vinavyofuata vimekufa ganzi. Watu wakasema: ni wivu, wamekuloga. Akachanjwa, akalipa mbuzi. Kumbe ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwa kifundo cha mkono. Munganga alimwambia: ungekuja mapema, pengine kupumzisha mkono na kufunga kifundo usiku vingetosha. Leo anashindwa kufunga kifungo cha shati.

Wengine watatuambia: muziki ni furaha, si kazi. Sawa. Lakini mwenye bar anauza bia juu ya ile furaha. Akipata faida, basi kuna mtu aliyefanya kazi. Kodi ya kazi ya 2002 inaweka mwisho wa saa 45 kwa juma. Nani anahesabu saa za mpiga gitare?

Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, Likasi ya leo. Vidole vyake vilijulisha Katanga duniani. Tunajivunia vidole vile, lakini vya vijana wa leo hatuvilindi.

Tunaomba hivi. Wenye bar na wakubwa wa orkesta: andikeni kontra, toeni pumziko katikati ya usiku, mwandikisheni mwanamuziki kwa CNSS. Wanamuziki: mkono ukiuma ao ukifa ganzi, simamisheni, muone munganga mbele ya kuloweka mkono kwa dawa. Na sisi wa sendika tuwafungulie mlango.

Uzi wa gitare ukikatika, tunanunua mwingine. Mshipa wa mkono hauuzwe kwa soko.