Chupa ya vitamini haichukui nafasi ya dawa ya sukari wala ya tansio

Leo tuongee juu ya chupa.

Katika soko la Kadutu, pale Nyawera na kwenye barabara nyingi za Bukavu, hamkosi kukutana na muuzaji wa vitamini, vidonge vya madini na unga wa majani. Wengine wanapita nyumba kwa nyumba. Maneno yao ni yale yale: hii inaondoa sukari, inashusha tansio, inasafisha figo, inarudisha nguvu. Na anayesikiliza kwa makini zaidi ni yule aliyechoka na ugonjwa wa miaka mingi.

Maoni yangu ni haya. Vitamini na madini vina kazi yake, na kazi hiyo ni kurudisha kitu kilichopungua mwilini. Kama hakuna kilichopungua, chupa haina la kurudisha. Na mgonjwa wa sukari anayeacha insulini ili anywe chupa anaweza kupoteza maisha kwa siku chache tu. Anayemshauri hivyo anamtia hatarini, hata kama anaongea kwa upole.

Sisemi kwamba virutubisho ni uongo. Sisi watu wa Kivu tuko na ushahidi wetu hapa hapa ziwani. Katika miaka ya 1960, watafiti waliofanya kazi kutoka Lwiro, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walichunguza kisiwa cha Idjwi. Watu wengi kule walikuwa na rovu, yaani uvimbe mkubwa wa shingo, na watoto wengine walizaliwa na akili iliyochelewa. Sababu ilikuwa ukosefu wa iodini katika chakula, na muhogo usioandaliwa vizuri uliongeza shida. Watu wakapigwa sindano ya mafuta yenye iodini, na sindano moja ilimkinga mtu kwa miaka kadhaa. Baadaye ikaja chumvi yenye iodini, ile tunayonunua dukani leo. Virutubisho vilishinda Idjwi kwa sababu watu walipima kwanza, wakajua ni kitu gani kinakosekana, wakakileta kile kile.

Mfano wa pili unatoka Dar es Salaam. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofuata wanawake 1,078 wenye VVU, walioingizwa katika utafiti wakiwa wajawazito. Wale waliopewa vitamini za kundi B, pamoja na C na E, ugonjwa wao ulienda polepole zaidi. Ilikuwa habari njema, kwani wakati ule dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa bado hazijawafikia wengi. Lakini kuna sehemu ya pili ambayo wauzaji hawaisemi. Katika jiji lile lile, watafiti waliwapa vitamini za kiwango kikubwa watu ambao walikuwa wameanza dawa za VVU. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: kiwango kikubwa hakikuongeza faida juu ya kile cha kawaida, na vipimo vilionyesha ini linasumbuka zaidi. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Vitamini zilizosaidia katika hali moja hazikusaidia katika hali nyingine.

Wako waliochukua habari ile ya kwanza wakaifanyia biashara. Katika Afrika Kusini, daktari mmoja kutoka Ujerumani, Matthias Rath, aligawa vidonge vya vitamini kwa watu wenye VVU huko Khayelitsha, huku matangazo yake yakisema dawa za hospitali ni sumu. Watafiti wenyewe wa Dar es Salaam walipinga namna alivyotumia kazi yao. Juni 2008, mahakama ya Cape Town iliamua kwamba majaribio yake hayakuwa halali.

Turudi kwetu. Katika vituo vyetu vya afya virutubisho vinatumika kila siku, kando ya dawa. Mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu, ule tunaouita SS, anapewa asidi ya foliki. Mgonjwa wa kifua kikuu anayekunywa isoniazidi anaweza kuongezewa vitamini B6 ili mishipa ya fahamu isiharibike. Anayetumia metformini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, na hapo munganga anamwongezea B12 bila kumwondolea metformini. Mtoto aliyekonda sana anapewa ule ubandiko wa karanga wa Plumpy'Nut, wenye maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Ni dawa nzuri kwa mtoto huyo, lakini papa mwenye ugonjwa wa sukari asiumalizie eti uko na nguvu.

Tena, kingi si kizuri siku zote. Vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Chuma inaweza kujikusanya katika mwili wa mtu wa SS aliyeongezewa damu mara nyingi. Mgonjwa wa figo anaweza kudhuriwa na madini yale yale yanayosifiwa kwamba yanasafisha figo.

Kwa nini basi watu wananunua? Tuseme ukweli. Muuzaji ana muda. Anakaa, anauliza habari za nyumbani, anakubali deni. Hospitalini kuna foleni, kuna fakture, na mara nyingi mgonjwa anaondoka na karatasi bila mtu kumweleza kwa nini dawa ya tansio inakunywewa hata siku ambayo hasikii maumivu. Tangu M23 walipoingia mjini Februari 2025 na benki zikafunga milango, watu wengi wanaishi kwa kubahatisha. Mama aliyekimbia bila fishi yake ya matibabu hajui aanzie wapi. Chupa inakuja hadi mlangoni.

Kwa hiyo lawama isiishie kwa mgonjwa. Wanaogawa misaada wafikirie pia wazee na wagonjwa wa kudumu. Mgao wa unga, maharagi, mafuta na chumvi unaokoa watu, lakini mwenye sukari ana haja ya insulini na mahali pa baridi pa kuiweka, na mwenye tansio ana haja ya kidonge chake kila siku. Waganga na wauguzi wamuulize kila mgonjwa, bila kumgombeza: mama, kuna kitu kingine unakunywa nyumbani? Akiogopa, ataficha. Na sisi wa radio tukatae tangazo linaloahidi kuponya sukari kwa siku 30, hata kama kasha ni tupu.

Nawe msikilizaji, kabla ya kutoa franka zako, muulize muuzaji mambo matatu. Ni kitu gani kinanipungukia, na ni nani aliyepima? Ndani ya chupa kuna nini, na kiasi gani? Na je, unaniambia niache dawa ya munganga? Akijibu ndiyo kwa swali la tatu, mwage kwaheri.

Halafu fanya hesabu. Bei ya chupa moja, weka kando ya bei ya vidonge vyako vya mwezi mzima, na kando ya sambaza, maharagi na lengalenga vya kula nyumbani. Wengi wetu hatuna pesa za vyote. Basi ianze dawa, kifuate chakula. Chupa isubiri mpaka munganga aseme kuna kilichopungua.

Kwa waliokimbia: andikeni jina la dawa na kiasi chake kwenye karatasi, muifunge pamoja na kadi ya uchaguzi. Mkifika mahali pageni, karatasi hiyo itamsaidia muuguzi kuwaendelezea matibabu tangu siku ya kwanza.