Nyanya ikipigwa dawa, mchicha nao umepigwa

Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru mkoani Morogoro, kuchanganya mazao si jambo geni. Shamba moja lina mahindi, kunde, maboga na migomba. Kunde huongeza naitrojeni kwenye udongo, mahindi hutumia nafasi ya juu, na majani ya maboga hufunika ardhi ili mvua isiuporomoshe udongo.

Mpango huo unafaa pia kwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Ila kuna kosa moja linalofanyika mara nyingi, na anayeumia ni mtoto.

Mzazi hupanda mchicha katikati ya mistari ya nyanya. Hesabu yake ni nzuri: mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, kabla nyanya hazijatanua matawi. Kisha ukungu unashambulia nyanya, bomba linajazwa dawa, na jioni ileile mchicha wa chini unachumwa kwa ajili ya chakula cha usiku. Dawa haichagui jani. Lebo hutaja mazao yanayoruhusiwa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama mchicha haumo kwenye lebo hiyo, uliorushiwa dawa usiliwe.

Kwa hiyo mzazi, panga bustani kwa kufuata jinsi unavyovuna.

Tuta la kwanza, karibu na jiko, liwe la majani ya kila siku: mchicha na kunde, na matembele pembeni. Hapa bomba lisifike. Wadudu waondoe kwa mkono, na jani lililoharibika litupe.

Tuta la pili, hatua kadhaa mbali, liwe la nyanya na vitunguu. Usichanganye nyanya na nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo. Hayo ni mazao ya ukoo mmoja, hivyo huambukizana magonjwa. Msimu unaofuata, hamishia nyanya kwingine. Siku ya kupiga dawa, angalia upepo usielekee kwenye majani.

Matuta yote yakatishe mteremko. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walipinga hadharani amri ya wakoloni ya kuchimba matuta ya ngazi milimani, kazi iliyowachosha sana. Bustani ya nyumbani haihitaji mateso hayo. Matuta mawili yenye upana wa mita moja yanatosha kuanzia, mradi mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo.

Mboga ikifika mezani, kazi bado haijaisha. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani hufyonzwa vizuri zaidi yakiambatana na vitamini C, hasa kwa mtoto aliyevuka miezi sita, ambaye maziwa ya mama pekee hayamtoshi tena. Kamulia ndimu kwenye mboga iliyoiva, au mpe kipande cha chungwa au embe. Chai isiandamane na mlo huo, kwa sababu hupunguza ufyonzwaji wa chuma.